Vampira: Mama wa kicheko cha filamu za kutisha aliyelinda jina akamwaga unga

MKAZI wa Cheptiret hahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya kufafanua filamu. Tangu enzi za kanda za video, vibanda vya sinema katika vituo vya biashara kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret viliwakusanya vijana, makondakta na wanafunzi kutazama filamu za ng'ambo ambazo juu yake ilipachikwa sauti ya Mkenya anayesimulia, anayetania na kuwabandika wahusika majina ya mitaani.

Nchini Kenya, DJ Afro ndiye aliyevuma zaidi katika fani hiyo. Uganda ina jeshi zima la wasimulizi wanaojulikana kama ma-VJ, nayo Tanzania ilikuwa na Lufufu. Wote hao walithibitisha jambo moja: mara nyingi kinachomvuta mtazamaji si filamu yenyewe bali ni kinywa kinachoisimulia. Tena filamu inapokuwa mbovu, ndipo kicheko huwa kitamu zaidi.

Katika runinga, kazi ya kuzifanyia mzaha filamu kuukuu za kutisha ina mzazi wake. Naye ni mwanamke aliyeitwa Maila Nurmi, almaarufu Vampira, aliyewashtua na kuwachekesha wakazi wa jiji la Los Angeles, Marekani, katika miaka ya 1954 na 1955. Kabla yake hapakuwa na mtangazaji wa runinga aliyejulikana kwa kazi ya aina hiyo. Baada yake walizuka makumi kwa makumi.

Hata hivyo, maisha ya mwanamke huyo si hadithi ya vicheko pekee. Alipotakiwa kumuuza mhusika aliyembuni, alikataa katakata. Alibaki na jina, lakini akamwaga unga. Zaidi ya robo karne baadaye alimtazama mtu mwingine akitajirika kwa vazi jeusi lililofanana na lake, na alipokimbilia mahakamani, sheria haikumsaidia.

Binti wa mhariri

Maila alizaliwa Desemba 11, 1922 katika mji wa Gloucester, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa na asili ya Finland. Jina lao la ukoo lilikuwa Syrjäniemi, ambalo baadaye familia ililifupisha na kuwa Niemi.

Baba yake alikuwa mhadhiri na mhariri wa magazeti ya wahamiaji Wafini, naye mama yake alifanya kazi za hapa na pale za uanahabari na tafsiri ili kuongezea kapu la familia. Kazi ya baba iliwafanya wahamehame. Kutoka Massachusetts walikwenda Ashtabula katika jimbo la Ohio, kisha wakapiga kambi Astoria, mji wa bandari katika jimbo la Oregon uliojaa Wafini na viwanda vya kusindika samaki.

Hapo ndipo Maila alipomalizia masomo ya sekondari mnamo 1940. Akiwa bado msichana mdogo alikwenda kusaka bahati katika majiji ya Los Angeles na New York, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa Kimarekani waliotamani kuonekana jukwaani.

Alipoingia katika ulimwengu wa sanaa, alijitwalia jina la Nurmi. Alipenda kudai kwamba alizaliwa Petsamo, Finland, na kwamba alikuwa mpwa wa mwanariadha Paavo Nurmi. Madai ya kuzaliwa Finland yalirudiwa magazetini na vitabuni kwa miongo mingi, ingawa cheti chake ni cha Massachusetts.

Kwa wasomaji wa Uasin Gishu, kaunti inayotambulika duniani kwa wakimbiaji wake, jina hilo si geni. Paavo Nurmi alitwaa medali 9 za dhahabu katika Olimpiki za 1920, 1924 na 1928, zikiwemo 5 alizozoa Paris mwaka wa 1924. Kabla ya Kipchoge Keino kushinda mbio za mita 1,500 kule Mexico mnamo 1968 na kufungua ukurasa mpya wa Kenya, Wafini ndio walioogopwa katika mbio ndefu. Kwa msichana maskini wa Astoria, jina la Nurmi lilikuwa ngazi ya kupandia.

Ni vyema msomaji akumbuke jambo hili tangu mapema. Maila alikuwa fundi wa kuokota kitu kilichokwisha kuwepo, akakivika sura mpya na kukifanya chake. Kipaji hicho ndicho kilichomtengeneza, na ndicho kilichokuja kumponza.

Njia ndefu ya kufika jukwaani

Mwaka wa 1944 alipata nafasi ndogo katika tamthilia ya Catherine Was Great jijini New York, iliyoongozwa kwa umaarufu na mwigizaji Mae West. Hakudumu. Mwaka huohuo alishiriki onyesho la usiku wa manane lililoitwa Spook Scandals, ambamo alipiga mayowe, akazirai na kulala ndani ya jeneza.

Mayowe hayo yalimfikia Howard Hawks, mmoja wa waongozaji wakubwa wa filamu wa enzi hiyo, ambaye alimpeleka Hollywood kwa nia ya kumpa nafasi katika filamu ya kutisha. Filamu hiyo haikutengenezwa. Baada ya kusubiri bila matumaini, Maila aliomba aachiliwe kutoka kwenye mkataba wake.

Kwa miaka iliyofuata aliishi maisha ya kubangaiza. Alicheza ngoma katika kumbi za burudani, akawa mwanamitindo wa wapiga picha na wachoraji, na kwa muda alikuwa mtunza makoti na kofia za wateja katika klabu ya usiku. Aliishi na Dean Riesner, aliyewahi kuwa mwigizaji mtoto na ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa filamu.

Mlango wake ulifunguka mwaka wa 1953. Mcheza ngoma Lester Horton alikuwa na desturi ya kuandaa tafrija ya mavazi ya kuigiza jijini Los Angeles. Maila alikwenda akiwa amevaa gauni jeusi lililombana, uso umepakwa weupe wa maiti, akiiga mwanamke wa kutisha aliyechorwa na Charles Addams katika vibonzo vya jarida la The New Yorker. Mwanamke huyo wa vibonzo ndiye ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Morticia katika familia ya Addams.

Vazi hilo lilimshindia tuzo ya kwanza. Muhimu zaidi, lilimwingia akilini Hunt Stromberg mdogo, aliyekuwa mkuu wa vipindi katika kituo cha runinga kilichokuja kuitwa KABC. Stromberg alikuwa na rundo la filamu za zamani za kutisha ambazo hakujua jinsi ya kuwafanya watu wazitazame. Ilimchukua miezi kadhaa kumtafuta yule mwanamke wa gauni jeusi.

Kwa nini filamu mbovu?

Ili kuielewa kazi aliyopewa, yafaa kujua hali ya runinga ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kampuni kubwa za filamu ziliiona runinga kama adui aliyekuja kuwafungia kumbi zao za sinema. Ziliyafungia makabati yake na kukataa kuviuzia vituo vya runinga filamu zake nzuri.

Vituo vilibaki kuokota makombo. Makombo hayo yalikuwa filamu za kampuni ndogo kama Monogram na PRC, zilizopigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo katika miaka ya 1930 na 1940. Nyingi zilidumu kwa takriban saa moja tu. Popo walining'inizwa kwa nyuzi, kuta za majumba ya mizimu zilikuwa za mbao nyembamba, na mazimwi yalikuwa watu waliovaa ngozi bandia.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu hizo zilikuwa vibaya visivyo na miguu ya kujitembeza. Zilihitaji mtu wa kuzitembeza, na Stromberg aliamini kwamba amempata.

Maila hakutaka kutembea na vazi la Addams jinsi lilivyokuwa, kwa kuwa alijua lina mwenyewe. Akaanza kuchanganya. Alichukua ukatili wa malkia mwovu wa filamu ya Snow White ya Disney, akachukua ulimbwende wa Dragon Lady, mwanamke hatari wa vibonzo vya Terry and the Pirates, kisha akaongeza kucha ndefu, nyusi zilizopinda kama upinde na kiuno kilichobanwa hadi kikawa chembamba kupindukia. Riesner ndiye aliyempachika jina la Vampira.

Mayowe ya usiku

Kionjo cha kipindi chake kilirushwa hewani usiku wa Aprili 30, 1954, na kesho yake, Mei 1, The Vampira Show ilianza rasmi.

Kila kipindi kilianza kwa namna moja. Mwanamke mweusi kwa mavazi na mweupe kwa uso alitokea mwishoni mwa ushoroba wenye giza na ukungu, akawa anatembea polepole kuelekea kwenye kamera kana kwamba yuko usingizini. Alipofika karibu, alipasua mayowe ya kutia kiwewe. Kisha, kwa utulivu wa mtu aliyetoka kufanya jambo la kawaida kabisa, aliwaeleza watazamaji jinsi mayowe yanavyomburudisha, akajilaza juu ya kochi lililopambwa kwa mafuvu.

Kutoka kwenye kochi hilo aliikaribisha filamu ya usiku huo. Tofauti na wasimulizi wetu wa Afrika Mashariki, hakuzungumza juu ya filamu ikiendelea. Alijitokeza mwanzoni, katika vipindi vya mapumziko na mwishoni, akaikejeli kwa maneno yenye maana mbili, akaomboleza pale ambapo mhusika hakufa, na kuchanganya vinywaji vya sumu. Alikuwa na buibui aliyemfuga aliyeitwa Rollo, ambaye alimtaja kama mama anavyomtaja mwanawe kipenzi.

Maneno mengi yaliandikwa mapema na mwandishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini namna ya kuyatamka, ule uso mkavu usiocheka hata watazamaji wakivunjika mbavu, ilikuwa mali yake mwenyewe. Ucheshi wake ulitokana na tofauti hiyo: mambo ya kutisha yalisemwa kama mazungumzo ya mama mwenye nyumba anayepika chai.

Kulikuwa pia na kitu kingine ambacho watazamaji wa enzi hiyo walikitambua bila kuambiwa. Runinga ya Marekani ya 1954 ilijaa wake wema waliovaa aproni, wakitabasamu kando ya jokofu jipya. Vampira aliwageuza kichwa chini miguu juu. Alikuwa na nyumba, lakini yenye utandabui. Alikuwa na mapishi, lakini ya sumu. Kwa kuzicheka filamu za mazimwi, aliwacheka pia wale waliojiona kuwa watu wa kawaida.

Kituo hicho kilionekana Los Angeles na viunga vyake pekee, lakini habari zake zilivuka mipaka. Mnamo Juni 1954, jarida la Life, lililosomwa na mamilioni ya Wamarekani, lilichapisha picha zake. Mwezi huohuo alialikwa katika kipindi cha mchekeshaji Red Skelton pamoja na magwiji wa filamu za kutisha, Bela Lugosi na Lon Chaney mdogo. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy katika kitengo cha wanawake mashuhuri wa runinga jijini humo. Aidha, alitembezwa mitaani ndani ya gari kuukuu akiwa na mwavuli mweusi na kutangazwa mgombea wa wadhifa wa kubuni wa meya wa usiku wa Hollywood.

Mkataba uliozua balaa

Umaarufu huo haukumletea utajiri. Alikuwa mwajiriwa wa kituo, na kituo kilikuwa sehemu ya kampuni kubwa ya utangazaji ya ABC. Waajiri walipoona kwamba Vampira anaweza kuigwa katika miji mingine, walitaka haki za mhusika huyo ziwe mali yao.

Mpango wa namna hiyo ungemaanisha kwamba kila jiji lingekuwa na Vampira wake, mwanamke yeyote aliyevalishwa gauni jeusi, huku Maila akibaki mmoja tu kati ya wengi. Alikataa. Aprili 1955, karibu miezi 11 baada ya kuanza, kipindi kilifutwa.

Watu wa busara wamegawanyika kuhusu uamuzi huo. Wapo wanaoona kwamba alikuwa mkaidi, kwamba angepokea alichopewa angeishi kwa starehe. Wapo wanaoona kwamba msanii akishamuuza mhusika wake, hana tena cha kuuza. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba haki za Vampira alibaki nazo, na mwaka wa 1956 alikwenda nazo katika kituo pinzani cha KHJ. Hata hivyo, moto wa mwanzo ulikuwa umezimika, na kipindi hicho kipya hakikufika mbali.

Kinaya chake ni kikubwa. Mwaka wa 1957 kampuni ya Screen Gems iliviuzia vituo vya runinga kote Marekani mkusanyo wa filamu 52 za kutisha za kampuni ya Universal, zikiwemo zile maarufu za Dracula na Frankenstein. Kila kituo kilichonunua kilitafuta mtangazaji wa kuzifanyia mzaha. John Zacherle aling'ara Philadelphia mwaka huohuo, naye Ernie Anderson, kwa jina la Ghoulardi, akaitikisa Cleveland kuanzia 1963. Shamba alilolilima Maila peke yake likawa na wavunaji nchi nzima, yeye akiwa nje ya uzio.

Uvumi wa uchawi

Wakati huohuo masaibu ya aina nyingine yalimwandama. Maila alikuwa rafiki wa mwigizaji chipukizi James Dean, ambaye walizoea kukesha pamoja katika mikahawa ya Hollywood. Dean alipofariki kwa ajali ya gari mnamo Septemba 30, 1955 akiwa na umri wa miaka 24, majarida ya udaku yalianza kudai kwamba Vampira ndiye aliyemroga.

Ushahidi waliodai kuwa nao ulikuwa kadi yenye picha ya Vampira ameketi kando ya kaburi lililo wazi, iliyokuwa sehemu ya mzaha wake wa kila siku. Mtu aliyejipatia riziki kwa kuyacheka mazimwi alijikuta akihesabiwa kuwa zimwi. Hapa kwetu, ambapo wazee wengi wamepoteza maisha kwa tuhuma za uchawi zisizo na msingi, hakuna haja ya kueleza jinsi uvumi wa aina hiyo unavyoweza kumtenga mtu na jamii.

Kazi zilipungua. Alicheza nafasi ndogondogo katika filamu kama The Beat Generation na The Big Operator za 1959, na The Magic Sword ya 1962. Mnamo 1956 kampuni ya Disney ilimlipa awe kielelezo cha wachoraji waliokuwa wakimbuni Maleficent, mchawi wa filamu ya katuni ya Sleeping Beauty iliyotoka 1959. Mamilioni ya watoto waliomwogopa mchawi huyo hawakuwahi kusikia jina la Maila.

Dola 200 na filamu isiyosahaulika

Katika mwaka huohuo wa 1956, mwongozaji Ed Wood, aliyejulikana kwa kutengeneza filamu kwa fedha za kuokotezaokoteza, alimwomba aigize katika filamu iliyokuja kuitwa Plan 9 from Outer Space. Ilihusu viumbe kutoka anga za mbali wanaofufua maiti ili kuitisha dunia. Bela Lugosi, aliyetangazwa kuwa nyota wake, alikuwa amefariki Agosti mwaka huo. Wood alitumia vipande vichache alivyowahi kumpiga, kisha akamtafuta mtu mwingine aliyejificha uso kwa joho ili kumalizia nafasi yake.

Maila alikuwa na shida ya fedha. Alikubali kwa dola 200, lakini aliyachukia maneno aliyoandikiwa, akaomba aigize bila kusema lolote. Ndiyo maana katika filamu hiyo anaonekana akitembea makaburini kimya, mikono imenyooshwa mbele, kucha zimekodolewa kama za kipanga.

Filamu hiyo ilipotoka haikupata sifa. Mwaka wa 1980, ndugu wawili wa familia ya Medved walichapisha kitabu cha mzaha kuhusu filamu mbovu, ambamo Plan 9 ilitajwa kuwa mbovu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Dharau hiyo iligeuka tangazo. Vijana walifurika kuitazama ili waicheke, na hivyo mwanamke aliyewafundisha Wamarekani kucheka filamu mbovu akahifadhiwa katika filamu iliyochekwa kuliko nyingine zote. Na humo hasikiki akitamka hata neno moja.

Fundi wa sakafu

Achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Kufikia mwaka wa 1962, nyota wa zamani wa runinga alikuwa akijikimu kwa kutandika linoliamu kwenye sakafu za watu, na alikuwa tayari kufanya useremala, kushona mapazia au kukarabati samani kazi ilipokosekana. Hakuionea haya kazi ya mikono.

Baadaye alifungua duka la vitu vya kale katika barabara ya Melrose jijini Los Angeles na kuliita Vampira's Attic, ambapo pia aliuza mavazi na mapambo aliyoyatengeneza mwenyewe. Miongoni mwa wateja wake walikuwa wanamuziki waliovuma miaka hiyo. Mashabiki wachache walimkumbuka, lakini kwa umma mpana alikuwa amesahaulika.

Mnamo 1981 kituo kilekile cha KHJ kilimwendea kikitaka kufufua kipindi chake. Alifurahi na kuanza kushirikiana na watayarishaji. Kwa kuwa hakuwa tena na umri wa kuvaa gauni lile, alimpendekeza mcheza ngoma na mwimbaji Lola Falana, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, awe Vampira mpya. Kituo kilimchagua Cassandra Peterson bila kumshauri. Maila alijiondoa kwa hasira na kuwakataza kulitumia jina la Vampira.

Watayarishaji walibadilisha jina wakamwita mhusika wao Elvira, na Septemba 1981 kipindi kikaenda hewani. Gauni lilikuwa jeusi, kochi lilikuwepo, filamu zilikuwa zilezile za bei ya chini, na mzaha ulikuwepo. Elvira alipata umaarufu wa nchi nzima, matangazo ya biashara, bidhaa za madukani na filamu yake mwenyewe iliyotoka 1988.

Mbele ya hakimu

Mwaka huo wa 1988 Maila alikwenda katika mahakama ya shirikisho jijini Los Angeles kumshtaki Peterson kwa kumwibia sura na mhusika. Peterson alishikilia kwamba Elvira hakuwa Vampira: alikuwa msichana mchangamfu mwenye lafudhi ya vijana wa California, ilhali Vampira alikuwa baridi kama kaburi.

Mnamo 1989 mahakama iliamua kwa faida ya Peterson. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa kwamba sheria ya kulinda sura ya mtu inakataza kumwonyesha mtu huyo mwenyewe bila idhini yake, wala haikatazi kufanana naye. Kwa lugha rahisi, gauni jeusi, nywele nyeusi na mzaha juu ya filamu za kutisha si shamba lenye hatimiliki.

Maila aliumia, na si vigumu kuona sababu. Lakini haki inadai isemwe pia kwamba yeye mwenyewe alianza kwa kuazima kutoka kwa kalamu ya Addams. Laiti mwaka wa 1954 sheria ingekataza kufanana, huenda Vampira asingezaliwa. Tofauti iliyobaki ilikuwa ile ambayo mahakama haikuweza kuipima: yeye alipoazima, alihangaika kubadilisha alichoazima hadi kikawa kipya. Kama Elvira alifanya vivyo hivyo au la, mashabiki wa pande zote mbili wangali wanabishana.

Jua la jioni

Miaka ya uzeeni haikuwa ya giza tupu. Mwaka wa 1994 mwongozaji Tim Burton alitoa filamu ya Ed Wood kuhusu maisha ya yule mtengenezaji wa Plan 9, na mwigizaji Lisa Marie akacheza nafasi ya Vampira. Kizazi kipya kilianza kumtafuta bibi kizee aliyekuwa akiishi kwa unyonge Hollywood. Alialikwa kwenye makongamano ya wapenzi wa filamu, akauza picha alizozichora na kuzitia saini kupitia intaneti. Mwaka wa 2006 ilitolewa filamu ya hali halisi kumhusu.

Alifariki nyumbani kwake Los Angeles mnamo Januari 10, 2008, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa katika makaburi ya Hollywood Forever, wanakolala wengi wa waigizaji mashuhuri wa Marekani. Mwaka wa 2021, mpwa wake Sandra Niemi alichapisha kitabu cha maisha yake, akitumia maandishi aliyoyaacha shangazi yake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni lile ambalo halikutokana na ukaidi wa mtu wala hukumu ya mahakama. The Vampira Show ilirushwa moja kwa moja. Mashine ya kurekodi vipindi vya runinga kwenye kanda iliingia sokoni mwaka wa 1956, mwaka mmoja baada ya kipindi kufutwa. Njia pekee iliyokuwepo kabla ya hapo ilikuwa kukipiga filamu kioo cha runinga kikiwa hewani, na njia hiyo ilikuwa ya gharama. Hakuna hata kipindi kimoja kizima kinachojulikana kuwa kimesalia. Kilichobaki ni miswada kadhaa, picha, na kipande kifupi kilichotengenezwa kwa ajili ya kuwavutia wenye matangazo ya biashara.

Hapo ndipo maisha ya Maila yanapowagusa wasimulizi wetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inatambua haki za watumbuizaji. Lakini msimulizi anayepachika sauti yake juu ya filamu ya mtu mwingine bila leseni ni kama aliyejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja kisicho chake; siku nyumba inapoporwa, ataona haya kwenda kushtaki. Wengi wao sauti zao zilisambaa kwa kanda, kisha kwa sidii, kisha kwa vifaa vidogo vya kuhifadhia data, zikanakiliwa kutoka kibanda hadi kibanda bila wao kuona senti. Wengine hata majina yao hayajaandikwa popote.

Vampira alikuwa na kituo kilicholipia filamu, alikuwa na mkataba, na alilinda jina lake hadi kaburini. Hata hivyo, kati ya usiku wote ule wa mwaka wa 1954 na 1955 ambapo jiji zima lilikesha kumsikiliza, leo mtafiti atapata dakika chache tu za sauti yake. Wasimulizi wa vibanda vya Cheptiret, Kampala na Dar es Salaam hawakuwa na mkataba, lakini wana jambo moja ambalo yeye alilikosa. Kanda zao, hata zile zilizonakiliwa kwa wizi, bado ziko majumbani mwa watu. Ingefaa atokee mtu wa kuzikusanya kabla panya na kutu hawajazimaliza.